Kisigino cha Rukia

Rukia alipokuwa na miezi saba nilishindwa kumvisha nepi. Nilikuwa nimemlaza kwenye mkeka barazani, nimeshamsafisha, nikatia kiganja katikati ya magoti yake ili niyatenganishe nipitishe kitambaa. Magoti yakanibana. Kadiri nilivyosukuma ndivyo alivyozidi kukaza, mpaka miguu ikapishana kama mkasi na vidole vikachongoka kuelekea chini. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama na kucheka, huku miguu yake inanishinda nguvu, miguu ya mtoto wa miezi saba. Nikaondoa mkono, nikamfunga nepi juu juu, nikamfunika kanga, na siku ile sikumwambia mtu.

Mimi ni fundi cherehani wa Bweni, huku kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Mafia. Mume wangu Shaweji anafanya kazi hotelini Utende, upande wa pili wa kisiwa, na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Ninakaa na mama yake, Bi Mwanahawa, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watatu: mimi, mavyaa wangu na Rukia. Naandika haya kwa sababu wanawake ninaokutana nao kliniki huniuliza tulipitaje, na kila nikianza kueleza jina la mtu linaitwa tunakatizwa. Mambo ya ubongo sitayaeleza, siyajui. Nitaeleza tulivyoishi, na sitaficha kwamba muda mwingi nilikuwa naogopa.

Kuzaliwa kwake kulikuwa kuzito. Uchungu ulinishika siku mbili, na alipotoka alikaa kimya mpaka mkunga akaacha kuniangalia usoni. Baadaye alilia, tukadhani yamekwisha. Watoto waliozaliwa naye wakakaza shingo, wakakaa, wakatambaa. Rukia akikalishwa anajirusha nyuma, mgongo unapinda. Mavyaa alisema mtoto ana nguvu. Miezi ilipopita akaanza kusema mtoto amechezewa. Tukamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, na mimi sikupinga, maana maneno ya Mwenyezi Mungu hayana madhara na nilikuwa natafuta cha kushika.

Alipotimiza mwaka nilimpeleka hospitali, Kilindoni. Benchi la kusubiria nalikumbuka kuliko sura ya daktari. Lilikuwa la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa, na kila mama aliyefika alimtupia Rukia jicho kwenye miguu, kisha akamvuta wake karibu. Sikuwalaumu. Ningefanya vilevile. Daktari alimgonga magoti, akampinda nyayo, akasema ni mtindio wa ubongo na kwamba kilichoharibika kichwani hakitarudi. Kisha akaongeza jambo lililonifikia nikiwa nimeshatoka nje, nasubiri gari la kurudi: kwamba misuli inayokaza inaweza kusaidiwa kwa mazoezi, na isiposaidiwa itafupika, na mtoto atakua amejikunja.

Aliyetusaidia anaitwa Bwana Joakimu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayevuka kutoka bara kila baada ya miezi kadhaa na kukaa kisiwani wiki mbili tatu. Ni mtu mnene, mpole, anayekaa chini kwenye jamvi pamoja na watoto. Siku ya kwanza alikaa muda mrefu bila kumgusa Rukia. Alimwekea kifuniko cha chupa mbele yake akamwacha akitazame. Alipomshika alianzia mbali, mgongoni na kiunoni, akamkunja magoti kwanza, akamyumbisha nyonga taratibu huku na huku, na nikaona kwa macho yangu miguu ile iliyokuwa ikinibana inaachana yenyewe.

"Usishindane na msuli," aliniambia. "Ukikaza, simama hapo hapo. Usivute, usiachie. Utachoka wenyewe. Ukilegea ndipo usogee kidogo."

Akachukua mkono wangu akauweka. Kisigino kikae ndani ya kiganja, unyayo ulale juu ya mkono wangu, halafu nivute kisigino chini kuelekea kwangu badala ya kusukuma vidole. Akanionyesha namna ya kumbeba ubavuni, miguu imepanuliwa, mmoja mbele mmoja nyuma, badala ya kumfunga mbeleko miguu ikiwa imeshikana. Akasema asilazwe chali kutwa nzima. Nikamwambia naogopa nitamvunja. Akanijibu kwamba mtoto anausikia woga wa mtu mkononi, kwa hiyo nifanye baada ya kumwogesha maji ya uvuguvugu, yeye akiwa na joto na mimi nikiwa nimetulia.

Nilikuwa na bidii miezi ile ya mwanzo. Asubuhi baada ya kumwogesha, na alasiri kabla sijarudi kwenye cherehani, tulikaa mkekani tukanyoosha. Kuna siku alilegea vizuri mpaka akasinzia mguu ukiwa mkononi mwangu. Kuna siku, hasa akiwa na homa au amechelewa kulala, alikuwa mgumu tangu shingoni hadi vidoleni na analia tangu naanza hadi namaliza. Siku hizo mavyaa alikuwa anatoka, anakwenda kukaa uani na ungo wake. Aliporudi alisema namtesa mjukuu wake, na kwamba watu wakisikia kilio kila siku watadhani namna nyingine. Moyoni nilikuwa nadhani hivyo hivyo.

Shaweji alipokuja alimpakata Rukia kifuani, akamwimbia, akamlisha uji, lakini miguu hakuigusa kamwe. Ukimwambia ashike kisigino, mikono yake inakufa. Shangazi yake mmoja alimshauri aoe mke mwingine atakayemzalia watoto wazima. Maneno hayo niliyasikia mwenyewe kupitia dirisha, nimesimama na pasi ya mkaa mkononi. Shaweji hakumjibu ndiyo wala hapana. Alisema kesho anawahi gari. Kwa mwaka mzima lile jibu lisilokuwa jibu lilikaa nami kila nilipoinama juu ya mguu wa mtoto.

Siku ya jambo lenyewe Rukia alikuwa amefikisha miaka miwili na miezi kadhaa. Ilikuwa asubuhi, mvua za vuli zimeanza, nami nilikuwa na gauni la harusi la mtu linanisubiri. Nilikuwa na haraka. Nikamlaza, nikashika paja la kulia kulitoa nje, likakaza, na mimi badala ya kusimama nikavuta. Nyonga ikalia. Tuk. Sauti ndogo, kama kijiti kikavu ukikikanyaga. Rukia akapiga kelele ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo, akageuka rangi, na mguu akaukunja tumboni.

Nilijua nimemvunja. Nilimbeba nikazunguka naye uani, nikamvua nguo nitazame kama pamevimba, nikabonyeza, nikaomba. Mavyaa alikuwa kwenye mazishi kijiji cha pili. Baada ya nusu saa hivi alinyamaza, akanyonya kidole, akaanza kuchezea kishikizo cha gauni langu. Jioni mguu ulikuwa kama kawaida yake. Hakukuwa na uvimbe. Lakini ile sauti ilikuwa imeshaingia mikononi mwangu. Kesho yake nilimwogesha, nikamlaza mkekani, nikafika karibu na paja, nikarudisha mikono. Nikamfuta nikamvisha. Keshokutwa vilevile. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, vuli ikapita, kaskazi ikavuma ikaisha, sikumnyoosha mtoto hata siku moja.

Sikumwambia mtu. Mavyaa alifurahi kuwa kilio kimekwisha, akasema sasa nyumba imetulia. Bwana Joakimu alipiga simu mara mbili kuuliza habari, nikamwambia tunaendelea vizuri. Huo ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, na niliusema kwa sauti nyororo kabisa. Nao mguu ukawa unasema kweli. Kisigino cha kulia kilipanda juu kidogo kidogo, mpaka Rukia akishikiliwa wima anagusa chini kwa ncha za vidole tu. Magoti yakabana upya. Kumwosha katikati ya mapaja ikawa kazi, akawa anatoka vidonda.

Bwana Joakimu alipovuka tena, kabla ya masika, nilikwenda Kilindoni nikiwa nimejiandaa kusema uongo wa tatu. Benchi lilikuwa limejaa. Nilikaa mwishoni, Rukia mapajani, majina yanaitwa moja moja. Kilichonipata ni kwamba nilitaka jina letu lisifikiwe. Lilifikiwa. Alimlaza Rukia, akashika kisigino, akakivuta taratibu.

"Mama Rukia," akasema, "mguu huu haujanyooshwa."

Nikaanza kulia mbele ya akina mama wote. Nikamweleza ile sauti, ile haraka, ile miezi. Nilitegemea anikaripie. Aliniuliza tu kwa nini sikumpigia simu siku ile ile. Nikamjibu kwamba nilikuwa naogopa ataniambia nimemvunja. Akasema viungo vya watoto hawa hulia wakati mwingine na huwa si kitu, lakini nyonga inayobanwa kila siku na misuli inaweza kuanza kutoka kwenye kikombe chake, lile shimo la mfupa linaloishika, kwa hiyo lazima ipigwe picha tujue. Nami nawaambia wenzangu: sauti ikitokea, au mtoto akilia kilio kisicho chake, sema siku ile ile. Mimi niliibeba peke yangu miezi mitano na aliyelipa ni mtoto.

Kusubiri majibu ya picha kulichukua asubuhi nzima. Rukia alilala. Nilihesabu vigae vya sakafuni, nikasahau nilipofika, nikaanza upya. Mfupa haukuwa umevunjika. Nyonga bado imo kwenye kikombe chake, lakini imeanza kusogea nje kidogo, na ikiendelea itatoka, na ikitoka ni kupasuliwa kwa kisu, na kisu ni bara. Kuhusu kisigino, mikono peke yake haitatosha tena. Atafungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu wanayofungwa waliovunjika, kuanzia chini ya goti hadi vidoleni. Mguu utashikiliwa pale unapofika bila kulazimishwa, na kila wiki hogo litafunguliwa na kufungwa jingine, kisigino kikiwa kimeshuka kidogo zaidi.

Mimi na Rukia tulihamia Kilindoni kwa ndugu wa mume. Hogo la kwanza Rukia aliligonga gonga ukutani akicheka. La pili likamwasha, akawa hana raha. Kila tulipofunga, Bwana Joakimu alinikalisha na kunirudisha somo lile lile: vidole vyake ndivyo vya kuangalia. Bonyeza ukucha uwe mweupe, achia, damu irudi mara moja. Vikivimba au vikiwa baridi, inua mguu juu. Visiporudi, hogo litoke, usingoje mtu. Akachora kwa kalamu alama nyekundu pale ncha ya bendeji ya plasta ilipoishia, tujue pa kuanzia kufumua, sisi tunaokaa mbali. Siki na maji ya uvuguvugu hulilainisha, alisema. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za moto wa nyumba ya mwingine.

Siku moja baada ya hogo la tatu, kaka yake mavyaa akafariki Bweni. Mavyaa hakunilazimisha kwenda, lakini nilikuwa mkwe wa nyumba ile na msiba ulikuwa wake. Tukapanda gari la mizigo lililobeba mchele wa hitima. Masika yalikuwa yamekolea, barabara imekatika makorongo, na Rukia alirushwarushwa mapajani mwangu safari nzima. Tulifika mchana. Usiku ule mvua haikukata.

Asubuhi yake, wanaume wameshakwenda kaburini kuangalia maji, nilimfunua Rukia nimpe uji. Hakutaka. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonistua: alikuwa kimya, macho yamemtoka, jasho juu ya mdomo. Nikatazama vidole. Vilikuwa vimevimba vinang'aa, na kucha zake zina rangi ya zambarau. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba. Ukawa mweupe ukabaki mweupe.

Nikamwinua mguu juu ya mito. Nikampa mavyaa amshike, nikatoka na simu hadi kwenye mwinuko nyuma ya msikiti ambako mtandao hushika, mvua inanipiga usoni. Bwana Joakimu alipokea. Aliniuliza maswali matatu na kuniambia kwamba kama baada ya robo saa mguu ukiwa juu rangi haijarudi, nitoe hogo mwenyewe. Nikamwuliza kama naweza kumleta. Bodaboda aliyekuwa amejikinga chini ya paa la duka alinisikia, akatikisa kichwa. Alisema pale bondeni maji yamefika kitini, amerudi sasa hivi, hakuna anayepita.

Niliporudi, rangi ilikuwa ile ile. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi zaidi, au ni macho yangu. Nikasema kwa sauti kwamba siwezi. Nilisema nitamkata, nitamvunja, nilishamvunja mara moja. Mavyaa hakuwa anajua habari hiyo. Alinitazama kidogo, halafu akaita mwanamke mmoja wa msibani ainjike maji, akaenda mwenyewe kabatini akatoa chupa ya siki yake ya achari. Huyu ndiye aliyekuwa akisema tumemfungia mtoto mguu ndani ya jiwe. Alikaa chini, akamweka Rukia mapajani, akatia mguu wote na hogo lake ndani ya beseni la siki na maji ya uvuguvugu.

Tulisubiri lilainike. Mavyaa alikuwa anasoma Ayatul Kursiyyu polepole, akifika mwisho anaanza tena. Wanawake wa msibani walisimama mlangoni. Mimi nilikuwa nabonyeza ukucha kila baada ya muda kidogo na kila mara unabaki vile vile, mpaka vidole vyangu vikaanza kufa ganzi kana kwamba ni vyangu vilivyobanwa. Alama nyekundu ilikuwa imefifia kwa maji lakini niliiona. Nikaingiza kucha chini ya ukingo wa bendeji. Ukateleza. Nikaingiza tena.

"Mama Rukia," mavyaa akasema, "nitazame mimi. Usitazame kidole. Wewe kazi yako ni kufumua. Fumua."

Nikafumua. Mzunguko wa kwanza ulitoka na chokaa, wa pili ukang'ang'ania, tukaumwagia siki. Maji yakawa meupe kama tui. Sijui ilichukua muda gani. Mavyaa anasema zaidi ya saa moja. Karibu na kifundo bendeji ilikuwa imejikunja ndani kwa ile mirusho ya gari, na hapo ndipo ilipokuwa imembana. Ilipoachia pale, Rukia alivuta pumzi ndefu akaanza kulia, kilio cha kawaida, cha hasira, na mimi nikasema Alhamdulillahi kwa kilio kile. Nikaondoa pamba ya mwisho. Mguu ulikuwa umesinyaa, umekunjamana, unanuka jasho na chokaa, na kwenye kisigino palikuwa na alama nyekundu ya duara. Nikabonyeza ukucha. Ukawa mweupe. Halafu pole pole, kama chai inavyopanda kwenye andazi, ukarudia rangi yake.

Mavyaa ndiye aliyemfuta mguu. Aliweka kiganja chake chini ya unyayo ili aukaushe, na unyayo ukapanda naye, ukafika wima, ukaenda na kidogo zaidi, bila kukaza. Alishangaa akaacha mkono wake hapo. Alikuwa hajawahi kuishika miguu ile tangu mtoto akiwa mchanga.

"Nionyeshe na mimi unavyofanya," akasema.

Nilimwonyesha siku ileile, msiba ukiendelea ukumbini, kwa sababu nilijua nikilala bila kuushika mguu ule nitarudi kule nilikokuwa. Tulimnyoosha mguu wa kushoto tu, wa kulia tukauacha upumzike.

Ile alama ya kisigino ikafunguka ikawa kidonda. Kilichukua wiki nyingi kupona, na wiki zote hizo nilikuwa naona kisigino kinapanda tena, iwe kweli au kwa hofu. Bwana Joakimu hakumfunga hogo la nne. Alimtengenezea kifaa cha plastiki chenye mikanda kinachoshika mguu wima, cha kuvaa anapolala na saa chache za mchana, kinachofunguliwa na mama yeyote. Akaniambia nilifanya sawa. Nilimwuliza kama ni kosa langu kumsafirisha. Akasema barabara ni barabara. Sijui kama hilo ni jibu, lakini nimelikubali.

Kisha ukaja ubao wa kusimamia. Mtoto asiyesimama, alitueleza, nyonga yake haikai vizuri kwenye kikombe. Ni uzito wa mwili unaoikalisha. Alichora kwenye karatasi, na seremala wa hapa Bweni akauchonga kwa mbao za mnazi: ubao mrefu wenye sehemu ya miguu, umeegemezwa nyuma kidogo, na kibao katikati kinachoachanisha magoti. Ulikosa mikanda. Shaweji alipokuja safari ile alikuwa na mikanda minne aliyoikata kwenye jaketi za kuokolea maisha za hotelini zilizochakaa, akaomba ruhusa kazini ndipo akaichukua. Aliifunga mwenyewe. Ilipofika kumweka mtoto, alinitazama, nikadhani atatoka nje kama siku zote. Alipiga magoti, akashika kisigino cha kulia, akakikalisha kwenye ubao, akabana mkanda. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Aliniambia baadaye, tumekaa wawili, kwamba siku ile shangazi yake aliposema alishindwa kujibu kwa sababu alikuwa anaogopa akifungua mdomo atalia mbele ya shangazi yake. Nilimwambia nilisubiri jibu lile mwaka mzima. Akasema anajua.

Rukia aliposimama wima mara ya kwanza hakuangalia watu. Aliangalia juu ya meza. Alikuwa hajawahi kuona juu ya meza. Palikuwa na bakuli la chumvi, kisu, na nusu ya ndimu, akavitazama kimoja kimoja kama mtu aliyeingia mjini. Dakika tano zilitosha siku hiyo. Baada ya mwezi zikawa ishirini. Mavyaa humsimamisha mchana na kumpa mchele achague, mikono yake inatawanya zaidi kuliko inavyochagua, na wala hakuna anayemkataza.

Sasa ana miaka sita. Hatembei, na Bwana Joakimu hajawahi kuniahidi kwamba atatembea. Anakaa kwenye kiti chake chenye kona, kinachomshika mgongo pande mbili, bila kuanguka, anakula kwa kijiko kinene, ana maneno yanayofika thelathini ambayo sisi wa nyumbani tunayajua, na nyonga yake kwenye picha ya mwisho ilikuwa pale pale. Kila picha nasubiri nikihesabu vigae. Mazoezi yanaendelea asubuhi na alasiri, sasa tuko watu watatu tunaojua kushika, na siku nikiwa na haraka namwachia mavyaa, sivuti.

Walioanza leo watataka kujua kama woga huisha. Wangu haujaisha. Umejifunza tu kukaa kwenye benchi na kusubiri jina.

Sikukuu iliyopita nilimtolea Rukia gauni lake la Idi, la kitambaa cha manjano, nililomshonea sikukuu ya kabla yake. Lilimfika juu ya magoti. Mavyaa akapiga makofi, akasema mashallah, mtoto amerefuka, na jirani aliyekuja na sinia la vitumbua akasema vilevile. Watu wakicheka hivyo nami nacheka. Lakini Bwana Joakimu alishaniambia kwamba mifupa ikirefuka misuli hii haiifuati, na kila anapokua ndipo inapobana. Nikaweka gauni chini, nikashika kisigino chake, nikavuta taratibu, nikasimama pale kilipokaza, nikangoja. Kililegea. Kikafika pale kilipofika mwezi uliopita, au pungufu yake kidogo sana.

Nikarudia mara tatu. Halafu nikakaa kwenye cherehani, nikafumua upindo wa lile gauni, ambao nilikuwa nimeuacha mpana, nikauteremsha hadi mwisho wa kitambaa, na Rukia akavaa, nikambeba ubavuni akawape watu mkono wa Idi.